Waliuma Pamba Ili Nipone

Ndugu zangu wagonjwa, nanyi mnaowauguza, asanteni kwa kunipa nafasi ya kutoa ushuhuda. Mnaniona nimepinda mgongo, mnadhani ni uzee. Si uzee. Nilikuwa na mgongo ulionyooka kuliko wa kijana yeyote aliyeketi hapa, na mgongo huo ndio ulionilisha. Leo nawaambia jinsi ulivyopinda. Mkifika mahali pa kucheka, chekeni tu, mimi ni mchekeshaji.

Nilizaliwa Bwegera. Baba yangu alilima mpunga kwa sababu ya njaa, na pamba kwa sababu alilazimishwa. Enzi za Wabelgiji kila mkulima wa bonde la Ruzizi alikuwa na shamba la pamba, apende asipende, na kila kijiji kilikuwa na kapita, yule msimamizi wa kutukagua na kutupigia kelele kwa niaba ya mzungu. Uhuru ulipokuja nilikuwa kijana asiye na kazi, ila nilijua kumwigiza kapita. Nilitembea tumbo mbele, fimbo kwapani, nikiwatukana wakulima. Kisha kapita wangu anamwona mzungu anakuja, anashtuka, anakauka mwili mzima na kuanguka chali kama ubao, bila kukunja hata goti. Watu walicheka mpaka machozi. Jina likanishika, nikawa Kapita. Tena nilikuwa na pengo mbele, la jino lililong'olewa na teke la ng'ombe huko Mulenge, nalo likaongeza utamu.

Rafiki yangu Rubeni alinipigia ngoma, tukazunguka masokoni na harusini. Mke wangu Faida aliuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, mpakani Kavimvira. Tuliishi vizuri, sitawadanganya.

Halafu uasi ukashuka bondeni. Wapiganaji walitukamata mimi na Rubeni sokoni, na hawakutuuliza tunapenda upande gani. Mkubwa wao alisema, "Munyie mutachekesha batu yangu. Muntu mwenye anacheka, haogopake." Tukaenda. Ungekataa vipi, na bunduki iko pale?

Wapiganaji wale walikuwa wamenyunyiziwa maji ya dawa. Waliamini risasi ikiwagusa itageuka maji, mradi washike miiko yao. Wasiguse mwanamke. Wasitazame nyuma vitani. Sasa fikirini aliyejeruhiwa alionekanaje. Alikuwa mkosaji. Kama risasi imemwingia, basi amevunja mwiko, na wenzake hawakutaka kumkaribia wasije wakapoteza nguvu ya dawa. Majeruhi walitupwa katika ghala la zamani la pamba, pale pale baba zetu walipokuwa wakipimiwa mizigo yao, katikati ya marobota ambayo hakuna tena aliyekuja kuyachukua. Muuguzi alikuwa mmoja, Anselmi, tuliyemwita muganga. Mimi na Rubeni hatukuwa tumenyunyiziwa kitu, hivyo kazi ya kuwagusa ilituangukia sisi. Asubuhi tuliwaosha usaha na kuwatoa funza vidondani. Mchana tuliwachekesha.

Kati yao alikuwa Kashindi, mtoto wa Bwegera kama mimi. Risasi ilikuwa imemvunja mfupa wa paja, na mguu ulikuwa umeanza kunuka. Lakini kilichomtesa zaidi ni aibu. Aliapa kwa kila aliyepita, "Minye sikugusa mwanamuke! Sikuangalia nyuma! Mutaniamini lini?" Nilipomwigiza kapita, yeye ndiye aliyecheka wa kwanza na kunyamaza wa mwisho. "Kapita, anguka tena!" Nami kwa ajili yake nilianguka tena.

Jukwaa langu lilikuwa sanduku la risasi, na nilicheza peku. Siku moja msumari wenye kutu uliochomoza sandukuni ukaniingia kisiginoni. Damu ilikuwa kidogo. Nikapaka majivu, nikaendelea na mchezo. Kidonda kikafunga vizuri, nikakisahau.

Wiki iliyofuata nikashindwa kufungua kinywa kuuma muhogo. Nilidhani nimelala vibaya. Shingo nayo ikakaza. Mchana nikapanda sandukuni kama kawaida, na kabla sijasema neno midomo ikavutika nyuma yenyewe, meno yote yakawa nje. Niliuhisi uso wangu ukicheka, na mimi sikuwa nikicheka. Ghala zima likaangua kicheko. Kicheko kile kilinipiga mwilini. Kila msuli ulikaza, mgongo ukajikunja kinyumenyume, nikaanguka chali kama ubao.

"Anguka tena! Anguka tena!"

Nilisikia kitu kikilia mgongoni kama kuni inayovunjwa. Niliuma ulimi, damu ikatokea kwenye pengo. Nilitaka kusema, jamani, ninakufa. Meno hayakuachana. Kadiri walivyocheka ndivyo nilivyozidi kukaza, na kadiri nilivyokaza ndivyo walivyocheka. Sijawahi kuogopa hivyo, wala kuwa peke yangu hivyo, nikiwa mbele ya watu wanaonipenda.

Rubeni ndiye aliyeona suruali yangu imelowa. "Munyamaze!" alipiga kelele. "Kapita amejikojolea! Haiko muchezo!"

Anselmi akaja mbio. Aliniangalia taya, akanigusa tumbo lililokuwa gumu kama meza, akanigeuza kisigino. "Iko tetanosi," alisema. Ndiyo pepopunda. Akashusha sauti. "Kila kelele inamukaza. Akikaza sana, pumzi inakatika. Anapashwa kulala mu giza, fasi iko kimya. Na minye sina fasi ingine. Nikimubeba mu njia, anakufa mu njia."

Mmoja akauliza, "Sasa sisi tufanye nini? Minye mufupa yangu iko inje. Nitanyamaza namna gani?"

Kashindi akanyoosha mkono kwenye robota, akachomoa pamba, akaiviringisha, akampa mwenzake. "Ulume hii," akasema. Kisha akajitia yake mdomoni, na wengine wote wakafanya vivyo hivyo.

Ndugu zangu, mmewahi kulala wodini. Mnajua usiku na mchana wa wodi ulivyo. Pale walilala watu wenye matumbo wazi na mifupa iliyosagika, bila dawa ya maumivu, na hakulia mtu. Waliziba madirisha kwa magunia. Walinitia pamba masikioni. Rubeni alilegeza ngozi ya ngoma yake ili hata kwa bahati mbaya isilie. Anselmi alinipasua kisigino kwa wembe uliochemshwa, akakata nyama iliyooza. Nilinyweshwa maji ya mchele kwa mrija kupitia lile pengo langu, tone kwa tone, kwa maana hata kumeza kuliniamshia mshtuko. Nilijinyea, wakanisafisha. Nilitoka jasho mpaka pamba chini yangu ikaota ukungu. Ndege ya vita ilipopita juu nilipindika tena na kupoteza fahamu. Lakini kutoka kwa wale wanaume sikusikia kitu, ila pumzi za puani zilizopenya ile pamba masikioni. Za Kashindi nilizifahamu, kwa kuwa alilala karibu nami.

Bila sindano ya kuzuia sumu nisingepona, na sindano ilikuwa ng'ambo, Burundi. Rubeni alimpelekea Faida habari. Mke wangu akavuka Kavimvira na kapu lake la ndagala kama siku zote, akaenda kumlilia mtawa wa zahanati mlangoni mpaka akapewa. Alirudi na vichupa vimefungwa katika kitambaa chenye maji, chini ya samaki. Askari wa kizuizini akatia mkono kapuni. Akatoa ndagala kiganja kizima, akatafuna, akamwambia, "Pita, mama."

Alipoingia ghalani, majeruhi wote walivuta miguu yao. Alikuwa mwanamke, na wao bado walitaka kupona na dawa yao ikiwa safi. Faida alitoka kwenye jua kali akaingia gizani, hakuona robota lililokuwa mbele yake. Akajikwaa. Kashindi aliinuka kwa mguu ule uliooza, akamdaka mkono na kulizuia kapu, likatua polepole bila mlio. Vichupa havikuvunjika. Wote waliona amemgusa mwanamke. Hakueleza kitu, pamba ilikuwa mdomoni.

Nikadungwa. Mishtuko ikaanza kupungua, ikaja mara chache, ikaja hafifu. Siku niliyoweza kuachanisha meno, Faida aliinama sikioni akanong'ona, "Baba Riziki, minye niko hapa." Nikalia. Kisha shingo ikalegea, nikageuka kumtazama Kashindi nimchekee kwa lile pengo langu. Nafasi yake ilikuwa tupu.

Anselmi alikaa karibu nami. "Amekwenda juzi," alisema. "Mukono yake ilikuwa inapasua gunia, lakini sauti hapana. Tulitaka kumutoa pamba mudomoni tumuzike muzuri. Meno ilikuwa imeshika. Tulimuzika nayo."

Nilikuwa karibu naye, ndugu zangu. Alikufa karibu nami na sikujua.

Jeshi la serikali liliporudi bondeni, sisi tulioweza kujikokota tulitawanyika. Nilijifunza kutembea upya kwa fimbo ya kapita, safari hii si mchezo. Mgongo haukunyooka tena. Sikuanguka tena mbele ya watu kuwachekesha.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Faida, Anselmi na Rubeni. Mama mwenye mtoto mgongoni, mpeleke akachanjwe pepopunda. Wewe uliyechomwa na msumari ukapaka majivu, usingoje kidonda kifunge, kioshe kwa maji na sabuni na uende kituo cha afya leo. Kidonda changu kilikuwa kidogo, kikafunga vizuri, na kikakaribia kuniua. Nawe unayepigwa na ugonjwa na watu wanakucheka kwa kutojua, usikate tamaa. Wakijua, wengine watakufanyia kitu ambacho hukuthubutu kukiomba.

Moja tu limebaki. Bwegera wako watu ambao mpaka leo wanasema Kashindi alikuwa mwoga, alivunja mwiko ndiyo maana akapigwa. Nimekuja kuwaambia nilichokiona. Mwiko aliuvunja mmoja, mle ghalani, risasi ikiwa tayari imo mwilini kwa siku nyingi, na aliuvunja ili mimi niishi. Mama yake alikufa bila kuambiwa hili. Ninyi mnaambiwa.

Najua desturi yetu, ushuhuda ukiisha tunapiga makofi. Leo nawaomba msinipigie. Kaeni kimya kidogo, kama walivyokaa wao.