Bic ya Bure Kazinoni

Juzi mchana jirani yangu wa hapa mtaani kwetu Kenya, mwalimu wa hesabu, aliniomba nimsindikize kwenye kazino moja ya mjini. Mshahara wake wote ulikuwa mfukoni. Hakuketi. Aliizunguka meza ya ruleti, ile yenye gurudumu la namba nyekundu na nyeusi, akiandika kila namba iliyotoka.

"Nyekundu imetoka mara sita," aliniambia. "Sasa nyeusi itatoka tu, iko lazima."

Nyekundu ikatoka tena. Nikamvuta shati, akanisukuma mkono. Kalamu yake ya bic ikaisha wino. Kabla hajaomba, dada wa kaunta alimletea nyingine na karatasi mpya.

"Papa, andika tu. Iko bure."

Alishukuru, akaendelea kuandika. Tangu siku hiyo situlii. Kama hesabu za mwalimu zingemtisha mwenye kazino, ile bic angempokonya.