Piko Kabla ya Kura

Asubuhi ile nilikuwa kibarazani kwetu Mwabungo nikikoroga piko, ile rangi nyeusi ya kupambia maharusi, na kuku wa jirani walikuwa wakiparura mchanga kama kawaida yao. Nikivikumbuka vita, hunijia kwanza harufu hiyo, halafu uzito wa usingizi wa mchana, kana kwamba yote yalinipata nikiwa nimesinzia.

Mbunge wetu alikuwa amefariki, na uchaguzi mdogo uliitishwa vita vikiwa bado havijapoa. Wenye bunduki walioko msituni walikuwa wametuma salamu: atakayeonekana na wino wa kura kidoleni asimlaumu mtu. Sisi wanawake tukapata dawa. Asubuhi ile, siku moja kabla ya kura, niliwachovya wenzangu vidole vyote kumi katika piko, wino upotelee humo. Tulicheka sana siku ile, astaghafirullah.

Hamisi, mdogo wangu, alifika wa mwisho. Alikuwa mtunza bustani wa hoteli moja ya Galu.

"Shikamoo dada. Nami nipake hicho kidole kidogo cha kura tu."

"Marahaba. Mwanamume mzima, waolewa na nani?"

Wanawake waliangua kicheko. Naye akacheka, akaurudisha mkono mfukoni. Nilimtania tu, ndivyo tulivyozoeana tangu utotoni.

Kesho yake alipiga kura mapema, akashika njia ya Galu kwenda kumwagilia maua ya hoteli ambayo haikuwa na mgeni hata mmoja.

Adhuhuri, nasi tumeshapiga kura, tukasikia milio ya risasi. Tulikimbilia vichakani, wanawake watano.

Watu watatu wenye bunduki walitusimamisha.

"Nyosheni mikono."

Tukainyosha.

"Harusi ya nani?"

"Ya mdogo wangu," nikasema.

Wakatupisha.

Hamisi aliletwa alasiri juu ya kitanda cha kamba. Aliyemwosha aliniambia kidole chake cha wino kilikuwa kimechubuka hadi nyama. Alikuwa amekisugua kwa mchanga.

Mgombea tuliyempigia kura alishinda. Alikuja kutupa pole, akakaa kidogo, akaondoka.

Miaka imepita, na bado napamba maharusi. Watu huniambia ni kudura ya Mungu, nami naitikia, kwani ni kweli. Lakini mdogo wangu aliniomba mbele ya wanawake, na mwanamume wa kwetu haombi jambo kama lile mara ya pili.