Pampu Ambayo Haikuibwa

Nakumbuka Jumamosi moja ya ujana wangu kuliko ninavyoikumbuka siku niliyoajiriwa, na kila ninapoikumbuka natamani ningekuwa mgonjwa siku hiyo, nimelala, nisiweze hata kushika simu. Mwanangu, juzi ulinionyesha picha ya mashine ya espreso unayotaka kuweka kwenye nyumba yako mpya, ukaniuliza, "Shangazi, hii ni nzuri?" Nikakurudishia picha yako, nawe ukadhani mambo hayo siyajui. Nayajua. Ngoja nikueleze nilivyoyajua.

Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu, nikiishi peke yangu Kilimani, ghorofa ya tatu, na kazi yangu ilikuwa katika ofisi moja mjini. Wenzangu wa ofisini walikuwa wameanza kunywa kahawa ya mashine, ile nzito inayotoka kidogo kidogo ikiwa na povu la rangi ya dhahabu. Mimi nililelewa kwa chai ya maziwa nyumbani kwa mama yangu, mtaa wa Jamhuri, lakini siku hizo nilianza kuona haya kumpa mgeni chai.

Nikaelekezwa kwa fundi mmoja Ngara aliyeitwa Wafula, mtu wa Bungoma, aliyekuwa akitengeneza mashine za hoteli na za majumbani. Karakana yake ilikuwa chumba chembamba nyuma ya duka la jumla la vyombo, kimejaa pasi, blenda na mashine za kahawa zilizofunguliwa matumbo. Alikuwa mzee wa miaka hamsini na kitu, mtaratibu, mwenye koti la kazi la buluu lililofuliwa mpaka likapauka. Nilikwenda kumwomba ushauri kabla ya kununua.

"Usinunue kwa macho, Madam," aliniambia. "Uliza kwanza, hii ikiharibika, spea nitatoa wapi? Kama muuzaji hana hata ule mpira wa kuzuia maji, hiyo achana nayo. Na usichukue yenye vitufe mingi. Kila kitufe ni kitu ingine ya kuharibika."

"Na ya kusaga kahawa?"

"Hiyo ndiyo ya kwanza. Afadhali mashine ya kawaida na kinu kizuri. Kahawa ikisagwa vibaya, hata ile ya hoteli haitakusaidia."

Nilinunua yenye vitufe vingi. Ilikuwa inang'aa, na dukani palikuwa na mwanamke mwingine aliyekuwa akiiangalia.

Wafula alipokuja kuifunga hakunisuta. Alikinga maji ya bomba la jikoni kwenye glasi, akaonja, akatikisa kichwa. "Hii maji yenu ni ya kisima. Iko na chumvi mingi. Usiweke hii kwa mashine hata siku moja. Weka ya kuchujwa. Na kila miezi mbili uioshe ndani na hii dawa." Akanionyesha namna ya kupangusa bomba la mvuke mara tu baada ya kuchemsha maziwa, kisha kuachilia mvuke kidogo utoke ili maziwa yasikaukie ndani. Alinifanya nirudie mara mbili mbele yake, kama mtoto wa shule.

Nilifuata maagizo hayo wiki tatu. Halafu nikachoka kubeba madumu ya maji kutoka dukani, nikawa najaza ya bomba. Dawa ilipokwisha sikununua nyingine. Mwaka ulipoisha kahawa ilikuwa inatoka kwa shida, ina ladha ya kuungua. Nikamwita Wafula, akaichukua kwenda nayo Ngara, akairudisha baada ya siku mbili.

"Umekuwa ukitumia maji ya bomba," alisema.

"Hapana," nikamjibu.

Nilimdanganya mtu mzima, mwanangu, nikimtazama usoni. Naye akanitazama kidogo, kisha akasema, "Sawa. Lakini ndani kuna mawe. Nimetoa ile naweza. Ile ya boila, pale maji inachemkia, inataka wiki mzima. Uniletee mwezi ujao, ama itaziba."

Sikumpelekea.

Basi ikafika Jumamosi hiyo, mwezi wa Januari. Nilikuwa nimewaalika watu sita wa ofisini, na miongoni mwao mkubwa wangu, aliyekuwa akitafuta mtu wa kumpandisha cheo. Nilipanga vikombe vidogo, nikawasha mashine mbele yao. Ikaunguruma, ikatetemeka, ikatoa tone moja la maji ya kahawia, ikanyamaza. Nikabonyeza kila kitufe kilichokuwapo.

Mwenzangu mmoja akauliza nani aliishika mara ya mwisho. Nikasema ni fundi wa Ngara. Akacheka. "Hao? Amekutolea pampu mpya akakuwekea ya zamani. Wanafanyaga hivyo."

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema ukweli, kwamba niliambiwa niipeleke na sikuipeleka. Lakini wote walikuwa wananitazama, nami nilitaka sana aibu ile iwe ya mtu mwingine. Nikachukua simu, nikaandika kwenye kundi la wapangaji wa jumba letu: "Jihadharini na fundi Wafula wa Ngara. Ameiba pampu ya mashine yangu. Asiruhusiwe kupita getini." Nikawasomea wageni nilichoandika, wakaniambia nimefanya vyema. Kisha nikaenda kuchemsha chai. Waliinywa yote, wakaomba nyingine.

Ujumbe ule haukukaa kwetu. Majirani waliupeleka kwenye makundi ya majumba mengine ya Kilimani, na huko ndiko walikokuwa wateja wake karibu wote. Siku ya Jumatatu alinipigia simu mara mbili, sikupokea. Jumatano alikuja mwenyewe. Mlinzi akanipigia: "Madam, kuna mzee hapa na mkoba wa vyuma. Anasema anataka tu kukuongelesha dakika moja."

"Simjui," nikasema.

Nilisimama nyuma ya pazia nikamwona getini. Alingoja kama nusu saa, amesimama, mkoba hakuuweka chini. Kisha akaondoka kwa miguu kuelekea Ngong Road.

Mwezi wa Machi nilipeleka mashine kwa fundi mwingine, kijana wa upande wa pili wa mji, akaifungua mbele yangu. Akanionyesha pampu. "Hii ni yake ya kiwandani. Namba ndiyo hii, inafanana na ya mashine. Shida ni hapa." Akashika kijibomba kilichoziba kabisa kwa ukoko mweupe, mgumu kama jiwe. "Umeweka maji ya kisima. Huyu aliyeshika kabla yangu alikuwa anajua kazi. Ona, amekubadilishia hata mpira wa kuzuia maji, huu bado ni mpya, na pengine hakukuambia."

Hakuwa ameniambia. Hakuwa amedai chochote kwa ajili yake.

Akaisafisha, nikarudi nyumbani na mashine nzima. Nikafungua lile kundi, nikaandika mistari mitatu, nikaifuta. Nilikuwa nimepandishwa cheo wiki mbili kabla. Nikasema nitaandika kesho. Niliyasema hayo mwezi wa Machi, nikayasema Aprili, nikayasema Agosti, na kila asubuhi nilikuwa nakunywa kahawa nzuri.

Mwezi wa Novemba nilimweleza mama. Alikuwa anachambua mboga, hakuacha kuchambua. Nilipomaliza akauliza, "Na nani mwingine umemwambia?"

"Hakuna."

"Basi bado hujasema."

Nikaenda Ngara siku hiyo hiyo. Chumba chake kilikuwa na msichana anayeuza vifuniko vya simu. Akanielekeza duka la jumla la mbele, na huko nikamkuta Wafula akipanga makatoni ya sahani kwenye gari, kibarua wa siku. Bado alikuwa na koti lile. Nikamwambia yote, maji, uongo, wageni, kijibomba. Nikamwomba msamaha.

Akaweka katoni chini. "Ulijua lini?"

"Machi."

"Na sasa ni Novemba."

"Ndiyo, mzee."

Hakuwa na hasira, na ningefurahi kama angekuwa nayo. "Kukosea, mtu hukosea. Hiyo ningekusamehe hata ile siku pale kwa geti. Lakini hii miezi nane ulikuwa unajua, na mimi niko hapa nabeba sahani, hiyo sijui niiweke wapi." Akainua katoni yake. "Nisamehe, Madam, gari inaningoja."

Jioni niliandika ukweli kwenye kundi. Watu watatu walijibu. Wengine wengi walikuwa wamehama, na katika majumba mengine hakuna aliyejisumbua kuupeleka. Mwaka uliofuata niliambiwa amerudi kwao Bungoma. Sikumwona tena. Mashine nilimpa jirani, kisha nikajua kwamba hata kuitoa ilikuwa njia ya kujionyesha mwema.

Sasa wewe, mwanangu, nunua ikiwa unataka. Chukua yenye spea hapa mjini na mtu wa kuifungua, na kinu kizuri kabla ya kitu kingine chochote. Usiipe maji ya kisima. Ioshe kwa wakati wake, hata wiki ambayo umechoka, kwa maana uchafu wa ndani hauonekani mpaka siku ya wageni. Na ikikufia mbele ya watu, sema, "Ni mimi sikuitunza," kisha uwachemshie chai. Ukiwa umekwisha kumsingizia mtu, basi siku ile ile unayojua ukweli, useme pale pale uliposemea uongo, kwa watu wale wale. Usingoje moyo utulie. Wangu ulitulia vizuri sana, na hilo ndilo linaloniuma.

Mungu akupe nyumba yenye amani na mikono isiyo na uvivu wa kazi. Akupe ulimi unaowahi kukiri, na wale utakaowakosea awaweke karibu nawe mpaka utakapowafikia.