Nusu ya kichwa ya Mama Divine

Leo nimepandisha bei ya kusuka wakati mteja amesukwa nusu ya kichwa tu.

Musinihukumu mbele ya kusikia.

Asubuhi nilienda kununua mafuta ya mawese kwa Mama Divine, jirani ya salon yangu hapa Kibenga. Bei imepanda tena!

"Juu ya nini?"

"Juu ya dola."

"Mama Divine, mawese inatoka Rumonge, hapa hapa inchini. Kule wanakamua dola?"

"Gari yenye inaileta inakunywa esansi, na esansi inanunuliwa na dola. We lipa."

Nikalipa. Na hasira yangu yote.

Mchana, nani anaingia mu salon? Mama Divine mwenyewe! Jioni wanamungoja ku harusi.

Nikasuka polepole, na upendo mingi. Kufika katikati ya kichwa, nikapumzisha vidole.

"Mama Divine, bei imepanda."

"Eh! Juu ya nini? Vidole yako inakunywa esansi?"

"Apana. Inakula mawese yako."

Salon nzima ikapasuka na cheko.

Akajiangalia mu kioo. Upande moja uko tayari kwa harusi, upande ingine kama amepigana na kuku. Akalipa.

Lakini ku mlango akageuka:

"Sawa. Kesho mawese inapanda. Juu ya nywele."

Sasa, nyinyi wenye munauliza kila siku nani anapandisha bei mu hii inchi, tuko hapa, tunapakana ukuta.

Muniambie tu: kati yetu nani alianza?

Na mujibu mbio, juu akipandisha, na mi napandisha.