Shanga za Kiunoni

Mama mkwe wangu hakuwa na imani na mizani ya kliniki. Kumning'iniza mtoto kama mbuzi wa sokoni, alisema, ni kumwanika mbele ya wenye kijicho. Yeye aliwapima wajukuu wake kwa uzi wa shanga kiunoni. Uzi ukibana, mtoto anakua. Anaufungua, anaongeza shanga, anafunga tena. Ukilegea, hapo ndipo anatafuta dawa. Alikuwa amelea wengi hivyo, na mimi niliyeolewa juzi ningembishia nini?

Miaka ile ya sabini tuliishi nje kidogo ya Busia. Mume wangu alikuwa utingo wa malori ya Malaba, akipotelea safarini. Nilipopata mimba nyingine nilimwachisha ziwa binti yangu wa kwanza, akawa anakula tulichokula sote: uji wa muhogo asubuhi, ugali wa muhogo jioni. Alikuwa ameanza kutembea. Muda si muda akaacha. Akawa wa kukaa mkekani, hataki kubebwa, hataki kuachwa, nywele zimepauka kama nyasi za kiangazi.

Lakini shanga zilibana.

"Ona, mama," mama mkwe aliniita kwa furaha. "Huyu amenona mpaka uzi imekataa!" Akaongeza shanga nyekundu, kisha nyingine. Majirani walimsifu kwa mashavu yake. Nami nikafurahi, Mungu wangu, nikafurahi kweli.

Kliniki nilimpeleka kwa sababu ya kuhara tu. Nesi alimbonyeza mguu kwa kidole gumba, akakiondoa. Kishimo kikabaki palepale.

"Hii si mafuta, mama. Ni maji. Huyu mtoto iko na njaa."

Njaa! Mtoto ambaye hakuwahi kulala bila kula. Nilitaka kumtukana.

Wodini walimpa maziwa kidogo kidogo, na uvimbe ukaanza kushuka. Mama mkwe alikuja, akaketi kando ya kitanda. Asubuhi moja nilimwinua nimbadilishe nguo. Uzi ukateleza kiunoni, ukapita mapaja, ukapita magoti, ukaanguka sakafuni. Ndipo nilipomwona mwanangu alivyokuwa hasa, nyuma ya yale mashavu tuliyoyasifu. Nikalia nikijua tumechelewa. Jioni haikumkuta.

Mama mkwe aliuokota ule uzi. Akaondoa shanga, moja baada ya nyingine, mpaka ukamtosha mtoto, akamfunga tena kiunoni, tukaenda kumzika.