Daftari la Maji na Chaguo la Binti Yangu

Nilianza darasa la watu wazima Jumatatu, tarehe 6 Machi, nikiwa na miaka thelathini na mmoja na binti yangu mgongoni. Mwalimu alitufundisha kuandika tarehe kabla ya kutufundisha kuandika majina yetu. Mpaka siku hiyo, mambo ya maisha yangu yalikuwa yametokea "mwaka ule wa maji mengi" au "msimu ule wa nguruwe". Tangu hapo, kila jambo langu lina siku yake.

Shamba letu la mpunga lilikuwa bondeni, upande wa Mohoro, na msimu mzima tuliishi kwenye dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo nne ili mto ukifurika upite chini yake. Kila masika, maji yalipofika kilele, mume wangu alishuka ngazi akaichanja nguzo kwa panga pale yalipoishia. Hakuwahi kuingia darasani. Chanjo zile ndizo zilikuwa maandishi yake. Mimi nikawa karani wake. Kwa kuwa ardhi haikuonekana, nilipima kwa kamba kutoka sakafu ya dungu kushuka hadi kwenye chanjo.

"Soma, mama," aliniambia akiwa bado ndani ya maji.

"Shubiri nne na nusu."

"Iandike na siku yake. Wenzangu wana wake, mimi nina karani!"

Nilijifanya sijasikia, lakini nilisikia vizuri sana.

Kiangazi, miguu ya nguzo ilipooza, tuliikata na kuzisimika upya zilezile, maana boriti nzuri za mikoko zilitoka mbali, Nyamisati. Hilo nalo niliandika. Niliandika kila kitu.

Mume wangu alifariki tarehe 19 Agosti, binti yetu akiwa darasa la sita. Nilipomaliza eda nilifungua daftari, nikaona kwamba maji yalikuwa yakiikaribia sakafu mwaka hadi mwaka. Nikaliacha shamba, nikahamia Kibiti kwa wifi yangu. Nilimwambia kila aliyeuliza kwamba sikukimbia kwa woga. Nilihama kwa maandishi.

Binti yangu alipomaliza kidato cha sita, alama zake za fizikia na hisabati zilimfungulia mlango wa uhandisi. Swali likawa uhandisi upi. Mimi nilitaka asomee umeme. Miaka yote ya dungu nilikuwa nimeandika kwa mwanga wa koroboi, na, sitaficha, nilitaka watu waseme kwamba mtoto wa mjane yule ndiye aliyewasha taa. Yeye alitaka maji. Maombi ya chuo yangefungwa Ijumaa, na tulipolizungumza ilikuwa Jumanne.

"Na asome umeme," wifi alisema huku akipepeta mchele. "Huyu wa maji atatuletea nini? Ndoo?"

"Nitakuletea ndoo, shangazi, na ndani yake maji yasiyo na tope."

"Haya. Nami nitaisubiri na kata yangu mkononi."

Tulicheka, lakini sikulegea. Binti yangu hakubishana nami. Aliniomba daftari tu, akakaa nalo barazani baada ya swala ya alasiri. Jua lilipoanza kushuka, aliniita.

"Mama, maji hayakuwa yakipanda. Dungu ndilo lililokuwa likishuka."

"Unasema daftari langu linadanganya?"

"Halidanganyi. Lakini ulipima kutoka sakafuni, na kila mlipokata nguzo, sakafu mliishusha. Tazama hapa: tarehe 2 Novemba, mmekata shubiri moja. Masika yaliyofuata, maji yameisogelea sakafu shubiri ileile."

Nilikuwa nimeliacha shamba la mume wangu kwa sababu ya hesabu niliyojivunia mbele za watu. Niliinuka kwenda kutia udhu. Akanifuata hadi kwenye birika.

"Usisikitike, mama. Usingeandika siku za kukata nguzo, nisingejua kosa liko wapi. Sasa naweza kuirudisha kila shubiri mahali pake. Hii ndiyo kazi ninayoitaka. Lakini usiporidhia, nitajaza umeme."

Najua angejaza umeme kweli, na kamwe asingenilaumu. Hilo ndilo lililonishinda.

"Jaza maji," nikasema.

"Na taa je?" wifi akapaza sauti kutoka jikoni.

"Taa tutanunua dukani."

Sasa yuko mwaka wa pili, na daftari analo yeye chuoni. Alipokuja likizo, tarehe 11 Oktoba, tulikwenda wawili hadi shamba letu la bondeni, ambalo nimeazimia kulilima tena. Dungu lilikuwa limeanguka. Nguzo moja tu ilisimama, nayo ilikuwa na chanjo za panga za baba yake, moja juu ya nyingine. Binti yangu alichuchumaa, akabana ncha ya utepe wa kupimia kwenye ardhi kavu, akanipa upande wa juu.

"Soma, mama," akasema.

Ilinichukua muda kuziona namba vizuri. Kisha nikasoma, nikatoa daftari jipya mkobani, nikaanza na tarehe.