Mama mkwe alivyousafisha mtungi wangu wa siki ya ndizi

Wakuu, salamu kutoka Masisi. Mvua imetufungia ndani, nikasema ngoja niwape kisa cha nyumbani kwangu, na sitii chumvi hata kidogo.

Mimi ni mzaliwa wa Ntoto, Walikale. Marehemu mama yangu alikuwa anatengeneza siki ya ndizi. Unakamua ndizi zilizoiva sana, juisi inachacha na kuwa pombe hafifu, halafu unatia kipande cha ngozi laini inayoelea juu ya siki ya zamani. Humo wanaishi bakteria, na wao ndio wanaigeuza ile pombe kuwa asidi.

Nilipooa huku nilikuja na kipande cha ngozi ya siki yake kwenye mtungi.

Mama alishazikwa, wakuu. Hicho ndicho kitu pekee cha mikono yake kilichokuwa bado hai, na nilikipenda sana.

Sasa mke wangu alipojifungua Neema, mama yake akaja kutoka Kitshanga kutusaidia. Hao ni watu wa ng'ombe. Chombo cha maziwa kwao kinaoshwa, kinakaushwa, kinafukizwa moshi, ndipo kinaitwa chombo. Usafi wa huyo mama unatisha, hata mimi nilikuwa naogopa kuingia ndani na viatu.

Narudi kutoka shamba la maharage, nakuta mtungi unang'aa na kunukia moshi.

"Papa Neema, nilikuta uchafu inaelea mu ile mutungi. Nimemwanga yote, na moshi nimeweka!" Alikuwa na furaha kweli.

Ningemgombezaje mtu anayemwogesha mwanangu kila asubuhi? Nikaenda nyuma ya nyumba, nikalia. Chekeni tu, ila nililia.

Mke wangu ndiye aliyemweleza. Mama mkwe akanifuata, akakaa chini kando yangu.

"Unisamehe, mwana wangu. Lakini mama yako alikuwa napatiaka nani hii kitu?"

"Sijui, Mama."

"Uliza. Sisi batu ba maziwa, ile ya kugandisha maziwa haikalake mu nyumba moja tu. Yako ikikufa, unaenda kuomba kwa mwenye ulipatiaka."

Nikampigia dada yangu Ntoto. Kumbe jirani yetu wa zamani bado alikuwa nayo, alipewa na mama mwenyewe!

Ikaja na mtu wa pikipiki, kwenye chupa iliyofungwa kitambaa. Mama mkwe akaipokea kwa mikono miwili. Tukaitia kwenye juisi mpya, katika chombo kisicho na moshi, ikakubali. Harufu ilipoanza kuuma pua nilimkumbatia huyo mama bila aibu.

Kwa hiyo wakuu, kitu unachokipenda kigawe kikiwa bado kizima. Na mkwe akikosea, msikilize kwanza.

Siku ya kurudi kwao alinipa kibuyu kidogo.

"Niwekee kidogo, niende nayo Kitshanga. Mama yako sikumuonaka, lakini hii kazi yake nitaichunga."

Nyinyi mnatumia ndizi ao nanasi? Na wakwe zenu je? Semeni, nipo hapa nawasoma.